Miezi minane na printa ya stensili: uzoefu wangu wa kuhamishia michoro ya tatuu ngozini

Nina miaka sita sasa nikichora tatuu katika chumba kidogo huko Bamburi, Mombasa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kila stensili niliyoitumia (karatasi inayobandikwa ngozini ili iache mistari ya mchoro itakayofuatwa na sindano) niliitengeneza kwa mkono, nikifuatiza mchoro kwa kalamu ya wino wa kawaida huku nimekandamiza mpaka kidole kinauma. Miezi minane iliyopita nilinunua printa ndogo ya joto kwa shilingi 14,500, ile inayounganishwa na simu na kutumia karatasi maalumu za stensili. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda ni za ile niliyouziwa mimi tu.

Karatasi yenyewe ina matabaka manne: nyeupe ya juu inayopokea mchoro, karatasi laini ya kinga ambayo ni lazima iondolewe kabla ya kazi, karatasi iliyopakwa rangi ya zambarau, na ya mwisho ya manjano inayozishikilia zote. Mtu akichora kwa mkono, shinikizo la kalamu ndilo linaloifanya rangi ishike nyuma ya karatasi nyeupe. Kwenye printa, joto la kichwa chake ndilo linaloyeyusha rangi hiyo mahali palipo na mstari. Ni ukoo mmoja na karatasi za mashine za kurudufu kwa spiriti zilizokuwa zikitumika maofisini na shuleni. Hata mashine yetu ya sindano ina asili hiyo: kalamu ya umeme ya Thomas Edison, iliyopewa hataza mwaka 1876, ilikusudiwa kutoboa karatasi ili iwe stensili ya kurudufia barua, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York akapata hataza ya mashine ya tatuu iliyojengwa juu ya wazo hilohilo. Napenda kulikumbuka jambo hili kila ninapomsikia mchoraji akisema kwamba stensili ni kazi ya wasiojua kuchora.

Kwa maandishi na michoro ya maumbo, printa imenipunguzia kazi kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Ubeti wa mistari minne, ambao kwa mkono ulinichukua karibu saa nzima, sasa unatoka kwa dakika mbili, na mteja akisema anautaka mdogo kidogo, naupunguza kwenye simu na kuchapa tena. Vilevile ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika naweza angalau kuendelea kutayarisha. Printa yangu huchapa nukta 203 kwa kila inchi, kiasi kinachotosha, ila herufi zilizo chini ya milimita tano hushikamana. Herufi ndogo namna hiyo sizichori hata mteja akinisihi, kwa kuwa wino hutanuka ngozini kadiri miaka inavyopita, na tundu la herufi "e" au "a" huzibika.

Kasoro yake kubwa ni jinsi inavyovuta karatasi. Wiki ya pili nilichapa duara la sentimita 8 la kukaa mgongoni, na nilipolitazama nikahisi halijakaa sawa. Nilipolipima kwa rula, upana ulikuwa sentimita 8 kamili lakini urefu ulikuwa 7.7. Karatasi ilikuwa ikiteleza kidogo kidogo kwenye roli, na duara likawa yai. Tangu hapo naingiza karatasi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki uliokuja na printa, naishikilia kwa chini isining'inie, na sibandiki umbo lolote la kipimo bila kulipima kwanza.

Wateja wangu wengi wana ngozi nyeusi, na hapo ndipo mafunzo mengi ya video humwacha mtu njiani, kwani huonyeshwa juu ya ngozi nyeupe ambayo mstari wa zambarau huonekana hata ukiwa mwembamba kama unywele. Kwenye ngozi ya rangi ya kahawa iliyokolea mstari huo hupotea mara tu wino na mafuta vinapoanza kuchafua eneo. Nimejifunza kuunenepesha mchoro kabla ya kuuchapa, kuondoa vivuli vyote na kubakiza mistari inayohitajika tu, kuacha nafasi pana kati ya mstari na mstari, na kuielekeza taa ubavuni badala ya juu. Stensili ikishakauka, napitia mistari mikuu kwa kalamu ya kuchorea ngozi inayotumiwa na madaktari wa upasuaji, na kila kalamu hutumika kwa mteja mmoja kisha hutupwa. Printa haijui lolote kati ya haya; yenyewe huchapa ilichopewa.

Kubandika ndiko kunakoamua kila kitu, na hakuna mashine inayomsaidia mtu hapo. Nanyoa eneo kwa wembe mpya, nalisafisha kwa sabuni kisha kwa spiriti, nalisubiri likauke kabisa, halafu napaka jeli ya kuhamishia mchoro kiasi kidogo sana na kuisugua mpaka ngozi inanata kidogo chini ya glavu. Jeli ikizidi, mistari huvuja na kuwa kama wino uliomwagikiwa maji. Mteja husimama wima, mikono ikining'inia kama kawaida, kwa sababu mkono uliopindwa wakati wa kubandika ukirudi mahali pake hupinda na mstari uliokuwa umenyooka. Begani nakata pembe za karatasi kwa mkasi ili ilale bila mikunjo. Nakandamiza, nasubiri dakika chache, kisha nabandua polepole kuanzia pembeni. Baada ya hapo inapaswa kukauka kwa dakika 10 hadi 15, lakini kwa unyevu wa hewa ya hapa pwani sianzi kabla ya dakika 20, feni ikiwa imewashwa.

Jambo moja lilinitia hofu ya kweli. Dada mmoja alitaka jina la marehemu nyanya yake kwenye mfupa wa mtulinga, kwa mwandiko wa kuunganisha. Nilichapa, nikabandika, nikabandua, akaenda kwenye kioo akatabasamu: "Kaka, linasomeka vizuri kabisa." Nilikuwa nimeshaanza kufungua sindano nilipotambua kwamba jina linalosomeka vizuri ndani ya kioo limegeuka ngozini. Kwenye programu ya simu kuna kitufe cha kugeuza mchoro, nami nilikigusa bila kujua. Nilimweleza wazi, nikafuta kwa spiriti, nikaisubiri ngozi itulie, nikachapa upya. Siku hizi nasoma herufi moja moja juu ya ngozi yenyewe, na mteja naye anasoma kwenye picha iliyopigwa kwa simu ya mtu mwingine, kamwe si kwenye kioo na si kwa kamera ya mbele.

Stensili iliyogusa ngozi iliyonyolewa hairudiwi kwa mtu mwingine, hata kama bado ina rangi ya kutosha, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana na homa ya ini aina ya B haihitaji damu nyingi. Nimewahi kuona wachoraji wakitumia deodoranti badala ya jeli, na kuisugua moja kwa moja kwa wateja watatu wanaofuatana. Kama hakuna jeli na ni lazima deodoranti itumike, ichotwe kwa kijiti safi cha mbao. Jeli nayo huminywa juu ya glavu bila mdomo wa chupa kugusa, na glavu hubadilishwa kabla ya kushika mashine.

Kuhusu karatasi, nimejaribu za bei nafuu na nimejaribu za chapa ya Spirit, ambayo kwangu hutoa mstari mkavu usiochafua vidole, na kwenye ngozi nyeusi tofauti hiyo inalipa. Za bei nafuu nazitumia kwa majaribio tu. Pakiti yangu ya kwanza niliiacha karibu na dirisha mwezi wa Februari, na rangi ikashikamana na karatasi nyeupe hata kabla ya kuchapa, karatasi zaidi ya thelathini zikaharibika. Sasa nazihifadhi ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko, chini ya kabati, zikiwa zimelazwa, na nanunua chache chache. Ndani ya kopo hilohilo zimo karatasi za kuchorea kwa mkono, kwa sababu kazi za begani na gotini bado nazifuatiza mwenyewe.