Atenyueta ya mkononi ya faiba: nimeitumia Dodoma, inafaa ila ina mambo yake

Mafundi wa faiba wa Dodoma na kanda ya kati, naongelea kale kaboksi ka kupunguza mwanga kutoka dB 0 hadi 60 (dB ni kipimo cha mwanga uliopungua), maana wengi wetu tuna pawa mita ya kupima mwanga na mashine ya kuspliza, yaani kuunga faiba, ila haka utakuta hakuna mwenye nako. Kwenye maduka ya mjini hapa sikukaona, niliagiza Kariakoo kakaja na basi, bei haifiki hata robo ya OTDR nzuri, ile mashine ya kutafuta kasoro ndani ya kamba.

Kazi yake ni kuitesa ONU (kifaa cha faiba kinachofungwa kwa mteja) au SFP (kamoduli ka mwanga ka kuchomeka kwenye swichi) kabla hujaenda kuifunga. Sisi tumezoea ukifika kwa mteja Ilazo au Nkuhungu unachomeka mita, inasoma -19 dBm (hasi ikizidi kukua mwanga ndo hafifu zaidi), fresh, unafunga unasepa. Sasa hiyo -19 ni mwanga wa leo tu, haikwambii ONU itavumilia mpaka wapi siku kamba imekunjwa kwenye kona ya dirisha au vumbi limeingia kwenye konekta, na upepo wa Dodoma kiangazi mnaujua wenyewe. Kwenye GPON (mtandao wa faiba moja inayogawanywa kwa wateja wengi) ya daraja la B+, ONU inatakiwa ivumilie mpaka -27 dBm. Kwa hiyo mezani unaweka atenyueta katikati, unapiga pingi ndefu (kutuma vipakiti mfululizo uone kama vinarudi), unakata mwanga nusu dB nusu dB huku unaangalia. Nilipima ONU za kampuni mbili, sizitaji, moja ilishika ikapita -27 kidogo ndo LOS, taa ya kukosa mwanga, ikawaka nyekundu, nyingine kwenye -25 pingi zimeshaanza kudondoka na taa zote bado kijani aisee! Hiyo ya pili ndo ile mteja anapiga simu kila siku "neti inakatakata" halafu ukienda kila kitu kinaonekana kizima.

Ila namba ya kwenye kioo chake msiiamini kama msahafu. Ukiweka 0 yenyewe bado inakula dB 2 au 3 hivi. Halafu yangu imepimwa kiwandani kwa urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na 1550 wakati mwanga wa GPON unaoshuka kwa mteja ni 1490, kwa hiyo chomoa upime kwa pawa mita kinachotoka, hicho ndo uandike. Na kwenye GPON inapunguza pande zote mbili, ONU ikidondoka inawezekana OLT (mashine ya upande wa kampuni) ndo haiisikii, usikimbilie kuilaumu ONU.

Kwa wale wa SFP za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) za kilomita 80, mezani na patchi kodi fupi (kamba ya kuungia vifaa) ule mwanga ni mkali kupita kiasi unaweza ukaua risiva, sehemu ya kupokea mwanga, hapo atenyueta ni lazima. Lakini usidhani ukikata dB 20 basi ndo umeshapima kilomita 80. Kamba ndefu inapunguza mwanga na inautawanya pia, kwenye 1550 faiba ya kawaida inatawanya kama pikosekunde 17 kwa kila nanomita kwa kila kilomita, biti zinaanza kupandiana, 1G haijali ila 10G inaumia, yaani mita inasoma mwanga wa kutosha kabisa na makosa yanamwagika. Atenyueta hilo haiwezi kukuonyesha hata ufanyeje, tafuta dramu la faiba yenyewe. Mwanga unaorudi nyuma kwenye konekta mbovu pia haiuigi, hiyo muachie OTDR.

Kilichoniudhi ni vifuniko, vimelegea mno, vumbi linaingia, nakaweka kwenye mfuko wa nailoni na kila nikichomeka nafuta kwanza. Na matundu yake ni ya konekta aina ya FC, bapa, kamba za wateja ni konekta aina ya SC za kijani zilizokatwa mshazari, msizilazimishe kwa adapta maana hapo katikati panabaki uwazi na vipimo vyote vinakuwa uongo. Mkiagiza mwambieni muuzaji aongeze patchi kodi mbili, upande mmoja SC kijani upande mwingine FC, ndani ya boksi hazimo.