Diani katikati, Galu, Kongo, Ukunda au Tiwi: uzoefu wangu wa kuchagua pa kukaa

Hapa Diani na jirani zake, kusini mwa Mombasa kwenye pwani ya Kenya, nimepanga Ukunda, nikapanga katikati ya Diani, nikapanga Galu, na Tiwi naijua vya kutosha kumshauri mtu. Swali la kwanza la wageni huwa ni ufuo upi una mchanga mzuri. Mchanga ni mweupe kote, tangu mlango wa Mto Mwachema kaskazini hadi Kinondo kusini. Kinachotenga mtaa na mtaa ni maji ya bomba, jinsi bahari inavyojaa na kupwa mbele ya geti, na mwendo wa kutoka hapo hadi kwenye matatu. Naanza na maji, maana ndiyo yanayowahamisha wapangaji wengi.

Pwani hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua ikinyesha, maji baridi huzama na kutulia juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Kadiri unavyokaribia ufuo, tabaka hilo la maji baridi huwa jembamba. Ndiyo maana anayechimba kisima kirefu zaidi akitafuta maji mengi mara nyingi huambulia chumvi, na kisima kinachovutwa kutwa kucha msimu wa wageni huweza kubadilika ladha ndani ya miezi michache. Nyumba za safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini, hasa kusini kuelekea Galu, nyingi hutegemea visima. Maji ya kampuni ya kaunti hufika sehemu nyingi, ila kwa zamu, na zamu hiyo usiisikie kwa dalali. Waulize wapangaji waliomo.

Ukienda kuangalia nyumba, beba kipande cha sabuni ya kufulia. Fungua bomba la jikoni, osha mikono kwa kusugua mara kumi. Maji yakiwa na chokaa nyingi ya matumbawe, povu halitoki. Hutoka utando mweupe unaonata kwenye viganja kama maziwa yaliyokatika. Chumvi utaisikia ulimini. Inua kifuniko cha birika la mpangaji anayehama utazame ukoko wa ndani, kisha tazama matundu ya shawa. Yakizibwa nusu, hita imeshaumia. Shawa za stima za kuchemsha papo hapo ziko za aina mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi. Iliyofungwa ikiwa ya kawaida kwenye maji ya chumvi, itakupiga shoti unapogusa bomba, kwa sababu chumvi hupitisha stima. Hili si jambo la kuahirishwa hadi mwenye nyumba apate nafasi. Libadilishwe, na waya wa ardhi ukaguliwe, kabla hujalipa amana.

Nyumba niipendayo ina laini mbili: maji ya kaunti kwa jikoni na kunywa baada ya kuchemsha, kisima kwa choo na bustani. Hesabu ya tanki ni rahisi. Watu 4 wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, tanki la lita 5,000 litawafikisha siku 12. Lori la maji mara nyingi huleta lita 10,000 kwa mpigo, kwa hivyo uliza kama kuna tanki la chini la kupokea mzigo huo wote, na kama lori linaweza kufika getini. Vichochoro vingi vya Galu ni mchanga mlaini wenye waya za stima zilizoning'inia. Lori likikwama siku moja, dereva hatarudi. Kisima nacho kitazame kimekaa wapi. Shimo la choo likiwa karibu nacho, au upande wa juu wa mteremko, matumbawe yenye matundu hayachuji kitu.

Sasa bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maana yake, mgeni wa wikendi ya bamvua anayeamka kuogelea asubuhi atakuta uwanda wa miamba na nyasi za bahari hadi kwenye mwamba wa nje. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, basi akingoja siku 4 au 5 hali hubadilika. Jioni hiyohiyo ya bamvua, sehemu ambazo wenye majumba wamejenga kuta karibu na maji, wimbi hugonga ukuta na ufuo wa kupita haupo kabisa. Nyumba ya ufuoni itazame mara mbili, maji yakiwa juu na yakiwa chini, na utazame sehemu ya chini ya ukuta: mawe yaliyofukuliwa na mizizi ya mivinje iliyo wazi hukuonyesha bahari imekwisha kula kiasi gani.

Katikati ya Diani, kwenye Barabara ya Ufuo, ndipo penye maduka makubwa, benki, hospitali na mikahawa, na tuktuk hazikosi hata usiku. Kwa mapumziko ya wiki moja bila gari, hapa ndipo. Kwa kuishi mwaka mzima, muziki wa wikendi utakuchosha, na ufuoni wauzaji hawakupi nafasi hadi wakuzoee. Njia za umma za kushuka baharini ni vichochoro kati ya kuta za mahoteli. Hesabu hatua kutoka nyumbani hadi kichochoro cha karibu, maana nyumba iliyo mita 200 kutoka baharini kwenye ramani inaweza kuwa kilomita moja kwa miguu.

Kaskazini, kuelekea msikiti wa kale wa Kongo na mibuyu yake, ni kutulivu na mchanga ni mpana. Mvua kubwa zikija, Mwachema humwaga maji ya udongo na bahari ya hapo hubadilika rangi. Msikiti unaswaliwa hadi leo, kwa hivyo vaa inavyostahili unapopita.

Galu ndiyo nimeipenda zaidi kwa kuishi. Upepo ni mzuri, ndiyo maana wachezaji wa kaiti, wanaoteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara, wamejaa huko wakati wa kaskazi, na bado kuna miti. Upepo huohuo hubeba chumvi: bawaba, kufuli na feni za chuma cha kawaida huoza haraka, kwa hivyo madirisha ya alumini na misumari isiyoshika kutu hulipa gharama yake. Paa la makuti hupendeza na kupoza nyumba, lakini litahitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache, na cheche moja ya jirani inatosha kuliteketeza. Kima, tumbili na nyani wataingia jikoni. Pipa la taka liwe na kifuniko cha kufunga na madirisha yawe na wavu. Mbega hawana shida na mtu, ila hufa kwa waya za stima zilizo wazi, basi kata matawi yanayogusa waya au omba zivishwe. Usiku bila gari, Galu ni mbali.

Ukunda hakuna bahari, na hilo huwafanya watu waidharau. Kodi ni nafuu, soko liko, matatu za Likoni hupita kutwa. Mitaa ya Mvindeni na Kona ya Musa hukaa wafanyakazi wa mahoteli, walimu na wauguzi, watu wanaolipa kodi Juni kama wanavyolipa Desemba. Anayetaka kuwekeza kwa mapato ya kila mwezi, mimi humwelekeza huku kabla ya ufuoni, kwa kuwa nyumba za wageni hujaa Agosti, Krismasi na Pasaka, kisha zikalala Mei nzima huku mlinzi na bustani vikidai malipo. Cha kukagua ni mita ya tokeni, yaani ya stima ya kulipia kabla: kila nyumba iwe na yake, la sivyo utalipia friji ya jirani.

Tiwi ni ya anayetaka vijighuba vyake na kimya chake. Lazima uwe na gari au pikipiki, kwa sababu kutoka barabara ya lami itokayo Likoni hadi ufuoni ni mwendo.

Kuhusu kufika, barabara ya Dongo Kundu imebadilisha hesabu. Anayetoka uwanja wa ndege wa Mombasa au kituo cha treni cha Miritini huvuka kwa daraja na kutokea Kibundani, kwenye barabara ya Likoni kuja Ukunda, bila kugusa feri ya Likoni. Ukipanga kufanya kazi mjini Mombasa kila siku, feri bado ipo njiani, na foleni yake ya asubuhi ihesabu kama saa za kazi.

Kwa wanunuzi, kaunti hii ya Kwale ina historia ndefu ya maskwota, yaani watu wanaokaa kwenye ardhi bila hati, na mashamba yenye hati mbili. Fanya sachi ya ardhi mwenyewe, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki kwenye ofisi ya ardhi, kisha fanya nyingine siku chache kabla ya kulipa. Mlipe mpimaji aje na ramani ya usajili afufue bikoni zote, yaani alama za mipaka, na uwaulize wanaolima au kuchunga hapo wameishi tangu lini. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na 2 vijijini. Asiye raia hapewi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99 kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba. Na muuzaji akikuambia ploti inafika hadi majini, ujue: kati ya alama ya kujaa na ya kupwa ni ardhi ya umma.

Nenda uangalie mwezi wa Mei, mvua ikinyesha. Nusa makabati kama yana ukungu, tembea kichochoro chote kwa miguu hadi barabarani, na ukikuta alama ya matope ukutani, pima imefika wapi kuanzia sakafuni, umuulize jirani ni ya mwaka gani.