Programu za Bure za Sataranji: Ipi Uanze Nayo na Ipi Uiache

Anayetafuta programu ya kuchezea na kujifunzia sataranji hana sababu ya kutoa hata shilingi moja kununua nguvu ya injini, yaani ile programu inayokokotoa hatua bora. Stockfish, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kileleni mwa orodha za kupima injini au karibu na hapo, inatolewa bure tangu mwaka 2008, pale Mwitaliano Marco Costalba alipoiendeleza kutokana na Glaurung, kazi ya Mnorwe Tord Romstad, kisha wakashirikiana wao wawili pamoja na Mfini Joona Kiiski. Unacholipa hasa ni bando la kupakulia, nafasi kwenye simu au kompyuta, na saa zako mwenyewe, na hivyo ndivyo vitu vinavyostahili kupigiwa hesabu kabla ya kuchagua.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja tu: ni programu ipi inayomwonyesha mchezaji wa kawaida kosa lake kwa namna atakayoielewa. Nguvu ya injini sikuipa uzito. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, alipofika kilele chake mwaka 2014 alikuwa na alama 2882 za kupima uwezo wa mchezaji, ilhali injini bora za leo hupewa zaidi ya 3500 katika orodha zao wenyewe. Hata kama mizani hizo mbili hazilingani sawasawa, hakuna msomaji wa mwongozo huu atakayeona tofauti kati ya kupigwa na injini ya kwanza na kupigwa na ya kumi.

Nitoe tahadhari moja kwa wanaoamini kwamba kitu cha kulipia lazima kiwe bora. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani ya ChessBase iliingiza sokoni Fat Fritz 2 kwa takriban euro 100. Watengenezaji wa Stockfish walieleza hadharani kwamba ndani yake mlikuwa na Stockfish yao iliyobadilishwa kidogo, wakafungua kesi mjini Munich kwa madai ya kuvunjwa kwa leseni, na shauri likamalizika kwa makubaliano mwezi Novemba 2022. Ukiona injini inauzwa, uliza kwanza imejengwa juu ya nini.

Ya kwanza: Lichess

Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na huendeshwa na shirika lisilo la faida kwa michango ya watumiaji. Haina matangazo wala daraja la kulipia. Anayechangia hupata alama ndogo ya bawa kando ya jina lake, basi. Hutumika kwenye kivinjari cha kompyuta na kwenye programu ya simu, na dhidi ya kompyuta kuna viwango vinane vya Stockfish, cha kwanza kikiwa dhaifu kiasi kwamba aliyejua kusogeza kete juzi anaweza kukishinda.

Sababu ya kuipa nafasi ya juu ni kile kinachofuata mchezo ukiisha. Unapoomba uchambuzi wa kompyuta, hupati tu mchoro unaopanda na kushuka pamoja na hesabu ya makosa madogo na makubwa. Kuna pia kitufe cha kujifunza kutokana na makosa yako, ambacho hukurudisha kwenye hatua ile ile uliyokosea, huficha jibu, na kukutaka utafute hatua bora mwenyewe. Ukishindwa ndipo huonyeshwa suluhisho. Mwanafunzi anayesoma tu kwamba hatua ya 17 ilikuwa mbaya husahau kabla hajafunga simu, lakini aliyelazimishwa kutafuta hatua nzuri hapo hapo hubaki na kitu. Mafumbo yake, ambayo ni mamilioni na yametokana na michezo iliyochezwa humo, hayana kikomo cha siku.

Kuna matumizi mengine ambayo wengi hawayafikii. Fungua sehemu ya kupanga ubao, weka mfalme mweupe kwenye mraba wa d6 (safu ya d, mstari wa 6), askari mweupe e6 na mfalme mweusi e8, usiongeze kete nyingine yoyote. Ikiwa ni zamu ya mweupe, anasogeza askari hadi e7, mfalme mweusi hana pa kwenda ila f7, mfalme mweupe anaingia d7 na askari anakuwa malkia. Ikiwa ni zamu ya mweusi, mambo yanageuka: ana hatua mbili tu halali, d8 na f8, ya kwanza ikileta sare na ya pili ikipoteza mchezo. Baada ya d8, askari akisogea e7 anamtishia mfalme, mfalme anarudi e8, na mweupe hubaki ama kumwacha askari wake aliwe, ama kusogea e6 na kumkosesha mpinzani hatua yoyote halali, jambo ambalo ni sare. Cheza mpangilio huo dhidi ya kompyuta, mara upande huu, mara upande ule. Injini isiyokosea, inayochosha kabisa katika mchezo mzima, hapa ni mwalimu mzuri kwa sababu haitakusamehe hata hatua moja.

Kasoro yake ni ile ya injini zote zilizopunguzwa nguvu: hazichezi kama binadamu dhaifu. Katika viwango vya chini Stockfish hucheza hatua kadhaa za kibingwa, kisha ghafla inatoa farasi bure bila sababu inayoeleweka, na mchezaji anajifunza kusubiri zawadi badala ya kujenga mpango. Dawa inapatikana humo humo Lichess katika akaunti za maia1, maia5 na maia9. Hizi hutumia Maia, mradi uliotolewa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft Research, ambao badala ya kuifundisha mashine hatua bora waliifundisha kutabiri hatua ambayo binadamu wa kiwango fulani angecheza. Waliitumia michezo ya wachezaji wa Lichess wa alama za karibu 1100, 1500 na 1900. Makosa ya Maia ndiyo utakayokutana nayo ukicheza na jirani yako, na kwa maoni yangu mchezo mmoja dhidi yake una faida kuliko mitano dhidi ya Stockfish iliyofungwa mikono.

Jambo moja lisisahaulike: injini ni ya mazoezi na ya uchambuzi baada ya mchezo. Ukiitumia wakati unacheza na mtu mwingine mtandaoni huo ni udanganyifu, na akaunti hufungwa.

Ya pili: Lucas Chess, kwa mwenye kompyuta na intaneti ya kubahatisha

Hii ni kazi ya Mhispania Lucas Monge. Ni programu huria, hutumika kwenye Windows, na ukishaipakua haihitaji mtandao tena. Ndani yake mna injini nyingi za nguvu tofauti, kuanzia zile ambazo mtoto atazishinda hadi zisizoshindika, hivyo mtu anaweza kupanda ngazi moja moja. Sifa yake kubwa ni mkufunzi: ukicheza hatua iliyo mbaya kuliko aliyoiona yeye, dirisha hufunguka likionyesha hatua yako upande mmoja na yake upande wa pili, pamoja na mwendelezo wa kila moja, nawe unaamua kubadilisha au kuendelea na yako.

Sura yake si ya kuvutia, na menyu zimejazana kiasi kwamba siku ya kwanza utapotea. Laiti ingekuwa rahisi kuizoea, kwa shule au klabu yenye kompyuta chache za zamani ningeiweka ya kwanza.

Ya tatu: DroidFish, kwa mwenye simu ya Android peke yake

Peter Österlund aliitengeneza, nayo hubeba Stockfish ndani ya simu bila matangazo na bila kuhitaji bando ukishaisakinisha. Unaweza kupunguza nguvu yake, kupanga ubao upendavyo, kuomba dokezo, na kufungua michezo iliyohifadhiwa kwa muundo wa PGN, ambao ndio unaosomwa na karibu kila programu ya sataranji. Haina masomo wala mafumbo. Kwa abiria wa safari ndefu inatosha. Kwa anayeanza kabisa haitoshi, kwa kuwa itakupiga na kunyamaza. Uzime pia uchambuzi unapomaliza, maana injini inayofikiri mfululizo hula betri haraka.

Ya nne: akaunti ya bure ya Chess.com

Wapinzani wake wa kompyuta wana majina, sura na maneno ya kutania, akiwemo Martin wa alama 250, na watoto huwapenda kweli. Maelezo yake baada ya mchezo huandikwa kwa sentensi badala ya namba tupu, jambo ambalo humsaidia anayeanza. Kinachoishusha hadi hapa ni kwamba asiyelipa huona matangazo, na mafumbo pamoja na mapitio ya michezo vina kikomo. Kama marafiki zako wote wanacheza humo, cheza nao humo, kisha uhamishie mchezo Lichess kwa uchambuzi.

Kwa aliyekwishapiga hatua

Stockfish yenyewe, ukiipakua peke yake, haina ubao. Inahitaji programu ya kuionyesha, kama Arena ya Windows au Scid vs. PC, ambazo zote ni za bure. Ya pili ninaipendelea, kwa sababu ni ghala la michezo pia: kila wiki unaweza kuingiza michezo ya mashindano makubwa ambayo jarida la mtandaoni la The Week in Chess limekuwa likiitoa bure tangu mwaka 1994, kisha ukatazama mabingwa wanafanya nini katika ufunguzi unaoutumia. Unapopakua Stockfish, angalia umri wa kompyuta yako. Matoleo yenye alama ya avx2 au bmi2 hayafunguki kwenye prosesa za zamani, na mtu hudhani faili limeharibika, kumbe alipaswa kuchukua toleo la x86-64 la kawaida.

Namba zake, yaani makadirio ya upande upi unaongoza na kwa kiasi gani, nazo zisikutishe. Tangu toleo la 15.1, alama ya +1.00 maana yake ni kwamba injini ikicheza na injini mwenzake upande huo una nafasi ya nusu kwa nusu ya kushinda. Kwa hiyo +0.40 kwa mchezaji wa alama 1200 haina maana yoyote ya vitendo, na kubadilisha ufunguzi wako kwa ajili yake ni kujisumbua. Tafuta mahali ambapo namba iliruka kwa alama mbili au tatu mara moja, uandike kwanza kwenye daftari kile ulichokuwa unawaza hapo, ndipo uiwashe injini.

Leela Chess Zero, iliyoanza mwaka 2018, naiweka mwisho. Ni injini ya kustaajabisha, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake, lakini inahitaji kadi ya michoro yenye nguvu ili ionyeshe uwezo wake, na kwa mchezaji wa kawaida haisemi lolote ambalo Stockfish haisemi.

Kwa klabu, leseni za Stockfish na Lucas Chess zinaruhusu kunakili na kugawa. Mtu mmoja akipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, wengine wanaweza kugawiwa kwa flashi. Kwenye flashi hiyo hiyo ongeza hazina ya Syzygy ya miisho yenye kete zisizozidi tano, ambayo haifiki gigabaiti moja na hutoa jibu kamili la kila mpangilio wa idadi hiyo, ule wa d6 na e6 ukiwemo. Ile ya kete sita hufika takriban gigabaiti 150, hiyo iacheni.