Nimepika kitabu kizima cha mapishi ya pwani na kuwalisha wageni: uzoefu wangu

Kitabu ninachokizungumzia ni cha mapishi ya Unguja, Pemba na Mombasa. Kimeandikwa kwa Kiswahili na kina mapishi karibu themanini, kuanzia wali wa nazi hadi halua. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Tanga ikiwa imeshachomoka jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina lake siwezi kuwapa. Anayekijua atakitambua kwa jambo moja: sura ya kwanza si ya wali wala ya nyama, ni ya nazi. Nimekipika chote, na hakuna pishi hata moja nililolila peke yangu. Naandika kwa sababu tunanunua vitabu hivi, tunapika kurasa tatu za vyakula tunavyovijua tayari, halafu tunakitolea hukumu kitabu kizima.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nimekulia ugali, mlenda na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Chakula cha nazi nilianza kukila ukubwani, baada ya kuhamia Tanga kikazi. Hilo liwekwe wazi mapema, maana mpishi aliyezaliwa Pangani au Lamu huenda akakisoma kitabu hiki kwa jicho lingine.

Sura ya nazi peke yake inatosha kulipia kitabu. Mwandishi anaanzia sokoni: tikisa nazi usikie maji, angalia macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Kisha anaingia kwenye mbuzi ya kukunia. Anasisitiza ukune nyama nyeupe tu na uache kabla meno ya mbuzi hayajafika kwenye ngozi ya kahawia, kwa sababu ngozi hiyo hulitia tui weusi. Tui la kwanza, zito, hukamuliwa kwa maji kidogo ya vuguvugu na kuwekwa pembeni. La pili, jepesi, ndilo la kupikia mbaazi, maharage, kisamvu au mchuzi mpaka viive. Lile zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, sufuria ikiwa wazi, na mwiko haukomi mpaka tui lichemke, lisije likakatika. Yote haya yameandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyekuna nazi nyingi sana maishani. Mashine ya kusagia hajaikataza, wala mimi siikatazi kwa siku za kazi. Lakini Jumapili niliyopika mbaazi za nazi na mahamri kwa tui la kukuna, jirani yangu, bibi wa Pangani, alionja kijiko kimoja tu akasema, "Mwanangu, leo umekaa juu ya mbuzi." Sikuwa nimemwambia.

Upande wa wali, kitabu kinakuangusha. "Tia maji ya kutosha," kinasema, na hapo ndipo mpishi mgeni anapoachwa solemba. Mchele mpya wa Kyela hunywa maji kidogo kuliko uliokaa ghalani, na basmati una tabia yake. Kipimo kilichonisaidia hakimo kitabuni. Nilikipata kwa mgeni, kijana tunayefanya naye kazi ambaye mama yake ni mama lishe: tuliza mchele sufuriani, simamisha kidole juu yake, maji yafike pingili ya kwanza, mchele ukiwa mpya, yapungue kidogo. Kuhusu kupalia makaa juu ya kifuniko kitabu kimesema vizuri, na bila makaa ya juu wali wa nazi haukauki sawasawa. Wenye jiko la gesi hawakukumbukwa kabisa.

Sasa niseme juu ya wageni, maana bila wao nisingejua nusu ya haya.

Nilikuwa napika Jumapili mchana, mapishi mapya yasiyozidi mawili kwa mlo mmoja, na kila mara nilijitahidi wapatikane watu wa aina mbili: aliyekulia chakula hicho na ambaye hajawahi kukionja. Tulikula kwenye sinia, mkekani, watu wanne au watano kwa sinia moja. Nawashauri wenzangu mfanye hivyo hivyo, na si kwa kupenda mila tu. Mgeni mwenye sahani yake atamaliza alichopakuliwa kwa adabu, na hutajua kama kilimpendeza. Kwenye sinia mikono haifichi kitu. Utaona upande wa pilau unachimbika na kachumbari imebaki kama ilivyowekwa, na hapo umeshajibiwa.

Jambo la pili ni swali la kuuliza. Ukiuliza kama chakula ni kizuri, Mswahili yeyote aliyelelewa vyema atakujibu "kizuri sana, Mungu akubariki," na hutajifunza lolote. Mimi nilikuwa nauliza, "Kwenu mnakipikaje?" Swali hilo hufungua vinywa. Aliyekuwa kimya ataanza na ukwaju wa mama yake, mwenzake atapinga kwamba kwao ni ndimu, na wewe una kalamu mkononi. Pembezoni mwa kurasa za kitabu changu sasa pamejaa mwandiko. Mimi naamini kitabu cha mapishi huwa kimeandikwa nusu tu, na nusu ya pili iko kwa watu watakaokaa kwenye mkeka wako.

Pishi lililonionyesha hivyo kuliko yote ni bokoboko. Kwa hiari yangu nisingelipika kamwe. Ukurasa wake hauvutii na jina lenyewe nilikuwa silijui. Ngano iliyokobolewa hulowekwa usiku kucha, hupikwa pamoja na nyama ya mbuzi au kuku kwa saa nyingi mpaka nyama iachane na mifupa, kisha hupondwa na kuvurugwa kwa mwiko mpaka visitambulikane kipi ngano na kipi nyama. Juu yake samli ya moto. Ni chakula cha Idi na harusi, na ni ndugu wa harisi ya Oman na Ghuba. Mwaka 2023 UNESCO iliuweka ujuzi wa kupika harisi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, baada ya maombi ya Oman, Umoja wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Kulivuruga bokoboko, mkono huuma. Kitabu kinasema "ponda mpaka lilainike" na kuishia hapo, kana kwamba ni kazi ya dakika kumi.

Siku hiyo nilimwalika mzee mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeishi Maskati miaka mingi. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha mbele, nikaweka bakuli la sukari kama kitabu kinavyoelekeza. Bibi wa Pangani akashangaa: sukari kwenye nyama? Mzee akamwambia, "Dada yangu, wewe onja kwanza, ugomvi baadaye." Walibishana mlo mzima, mmoja na sukari yake, mwingine na vitunguu vya kukaanga, na sinia likaisha. Nimeandika namna zote mbili. Mzee alinieleza pia jambo ambalo kitabu hakina: lihamishe bokoboko kwenye moto mdogo kabisa tangu ngano inapoanza kupasuka, na usilivuruge kabla ya hapo, litashika chini. Kama mngenitaka nichague ukurasa mmoja wa kuwashawishi mkinunue, ningewapa huu, pamoja na upungufu wake.

Pilau nitaipitia haraka kwa sababu kitabu kiko sahihi na hakina la kuongezwa. Vitunguu vikaangwe mpaka vifanane rangi na kahawa, maana rangi ya pilau hutoka huko, haitoki kwenye manjano. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zitwangwe papo hapo. Supu ya nyama ndiyo maji ya wali. Fuata neno kwa neno.

Biriani ni habari nyingine. Nyama ilale kwenye mtindi, tangawizi, thomu (kitunguu saumu) na papai bichi. Vitunguu vikaangwe vingi kuliko unavyodhani. Masala yapikwe peke yake na wali peke yake, vikutane wakati wa kupakua. Ni pishi zuri na maelezo yake yamenyooka, lakini mwandishi ameliweka mwanzoni mwa sura ya vyakula vya wageni, na hapo nampinga. Mtu asiyejua bado kukaanga vitunguu vikakauka bila kuungua asianze na biriani. Aanze na pilau, aende kwenye samaki wa kupaka, kisha ndiyo aje huku.

Na huyo samaki wa kupaka! Kwa mtu anayeishi Tanga hakuna pishi jepesi kupata mahitaji yake. Asubuhi unakwenda soko la samaki la Deep Sea, unarudi na changu au tasi, unamchanja, unamtia chumvi, ndimu, thomu na pilipili, unamwoka juu ya makaa. Tui zito linachemshwa na ukwaju mpaka lishike mgongo wa kijiko, kisha samaki hupakwa, hurudishwa motoni, hupakwa tena. Kitabu kinataka apakwe mara moja tu. Kila mgeni niliyemuuliza swali langu alisema tofauti, na wote walikubaliana kwamba mara moja haitoshi. Nimewafuata wao.

Sura ya ndizi na mihogo ilinifurahisha kwa sababu nyingine. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo juu yake, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na embe. Nikiwa jikoni na ndizi mbichi za nazi, chatne ya embe na achari ya ndimu, niliona kwamba mgeni yule angezijua nyingi za sahani zangu. Muhogo asingeujua: huo ulitoka Marekani ya Kusini na kuletwa na Wareno, na Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Futari ya muhogo wa nazi tunayoihesabu kuwa ya tangu na tangu ni ngeni kuliko wali kwa samli.

Kwenye kisamvu nina lawama nzito. Kitabu kinaagiza majani yatwangwe na kuchemshwa sana kabla ya kutiwa tui, na kinafanya vyema, lakini hakisemi kwa nini. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali zinazozaa sumu ya sayanaidi. Kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoiondoa. Anayesoma bila kuambiwa hivyo anaweza kuona hatua hiyo ni ya ladha tu akaifupisha kuokoa mkaa. Jambo linalogusa afya ya wanaokuja kula kwako halifai kuachwa bila sababu.

Vitumbua na mkate wa kumimina vina tatizo la saa. Mchele hulowekwa, husagwa pamoja na tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha kitabu kinakuambia usubiri muda fulani uumuke. Joto la Tanga mwezi wa Januari halilingani na la Julai, wala la Lushoto halilingani na la hapa. Afadhali angeandika dalili: uso wa uji ujae mapovu, na ukiutikisa uyumbe mzima. Nilipoanza kutazama mapovu na kuacha kutazama saa, vitumbua vilitoka na matundu ndani na kingo zilizokauka. Watoto wa jirani hawakungoja vipoe.

Halua ni ya mwisho kitabuni. Wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga na zafarani, na kukoroga bila kupumzika mpaka samli ianze kujitenga. Kwa matumizi ya nyumbani nasema wazi: nenda kanunue kwa wanaoiuza, wana masufuria na mikono ya kazi hiyo. Lakini kama una wageni wenye moyo, ipike mara moja. Sisi tulipokezana mwiko, mkubwa kwa mdogo, na hata waliokuja kula tu walikoroga.

Gharama isikudanganye: kitabu ni rahisi, samli, basmati na nyama ya mbuzi ndivyo vinavyokula mshahara. Ratibu mapishi ya nyama yafuatane na malipo, na wiki za katikati ziwe za mbaazi, maharage, magimbi na samaki wadogo. Wageni wakizoea watauliza wenyewe walete nini. Usikatae, mwambie mmoja alete nazi, mwingine ndimu.

Kwa jumla nampa mwandishi alama za juu kwenye nazi, pilau, mboga na vyakula vya siku kubwa, za kati kwenye vyakula vya hamira, na za chini kwenye wali mweupe. Mpishi wa bara anayetaka kuijua pwani atafaidi zaidi kuliko mtu wa pwani mwenyewe.

Pishi lililonichukua muda mrefu kulifikia ni mkate wa mofa. Kitabu kimeupa mistari michache: kanda unga wa mtama, bandika tanurini. Tanuri lipi? La udongo, ambalo donge hupigwa ukutani mwake likaiva limening'inia, na nyumba nyingi za mjini halipo. Bibi wa Pangani alitupeleka kwa ndugu zake walio nalo, tukaupika huko na kuula na mchuzi wa pweza. Atakayeanza kitabu hiki leo aulizie tanuri mapema, angali kwenye sura ya nazi, na amwulize mtu mzima.