Kinga ya rangi ya gari: silanti ya polima kwanza, nta mwisho

Gari linalolala nje Dar es Salaam, Tanga au Mombasa linapigwa na jua kali, upepo wa chumvi na kinyesi cha ndege. Inayoumia kwanza ni vanishi ya juu, yaani tabaka angavu linalofunika rangi. Boneti na paa vinapauka, kisha vanishi inaanza kubanduka magamba, na ikifika hapo hakuna dawa ya kopo, ni kupiga rangi upya. Kinga inunuliwe vanishi ikiwa bado nzima.

Kwa magari mengi ningenunua silanti ya polima, yaani kinga ya kiwandani inayopakwa kama nta, mfano Jescar Power Lock au Soft99 Fusso Coat ya Japani. Unaipaka mwenyewe, inavumilia joto, na kwa gari la kushinda juani tegemea miezi minne hadi sita. Fusso ina kopo la magari ya rangi nyeupe na jingine la rangi nyeusi, angalia kabla ya kulipa.

Ya pili ni dawa ya kupuliza yenye seramiki, kama Turtle Wax Hybrid Solutions. Inafaa kwa asiye na muda, na inaongeza nguvu juu ya silanti.

Kotingi kamili ya seramiki, yaani dawa ya maji inayoganda kuwa tabaka gumu juu ya rangi, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayodumu kuliko zote. Ni ghali, rangi lazima ipigwe polishi kwanza, maana mikwaruzo iliyopo itabaki humo ndani, na ikikauka vibaya inaondolewa kwa mashine ya polishi. Anayekuahidi kwamba itazuia mawe ya barabarani anakudanganya.

Nta ya carnauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, inang'arisha gari jeusi vizuri mno. Tatizo, kwenye joto letu inaisha baada ya wiki chache.

Hata silanti bora haishiki juu ya uchafu. Osha kwa shampuu ya gari. Sabuni ya unga inaweza kukwangua kinga iliyopo. Gari likikauka, vaa mkononi mfuko mwembamba wa mkate, upitishe taratibu juu ya boneti. Ukihisi chembechembe kama mchanga, zitoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku ukilowesha kwa maji ya shampuu. Usiusugue ukiwa mkavu, utachora rangi.

Paka kivulini, bodi ikiwa imepoa kabisa. Safu iwe nyembamba sana, maana nene haiongezi kinga, inakuchosha tu kufuta. Ikishakuwa na ukungu, pitisha kidole: njia ikibaki safi, futa kwa kitambaa cha mikrofaiba, ikiburuzika, subiri. Epuka plastiki nyeusi za bampa, zinabaki na madoa meupe. Usilipeleke gari kuoshwa siku hiyo.

Baadaye, maji yakiacha kujikunja matone na kuanza kutandaa juu ya boneti, paka tena.