Snuka: 147 au 155?

Kwenye snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo na kuiingiza mashimoni, 147 ni pointi za juu za kawaida kwa zamu moja bila kukosa, na 155 ni upeo unaowezekana kwa faulo ya mpinzani. Hesabu ya 147 ni nyepesi. Mipira myekundu 15 ya pointi 1, kila mmoja ukifuatwa na mweusi wa pointi 7, inatoa 120. Rangi sita za mwisho zinaongeza 27. Hapo unajitegemea mwenyewe.

155 haiji bila msaada wa adui. Sharti afanye faulo kabla mwekundu wowote haujaingia, tena auache mpira mweupe umezibwa, huwezi kuulenga mwekundu kikamilifu. Refa anakupa mpira wa bure: unachagua rangi yoyote, unaihesabu kama mwekundu, pointi 1. Ukiuingiza pamoja na mweusi una 8, na wekundu wote 15 bado wako mezani!

Mwaka 2004, Mskoti Jamie Burnett alipata 148 kwenye mchujo wa UK Championship. Alianza na wa kahawia kama mwekundu, kisha kahawia huohuo kama rangi. Baadaye alilazimika kuchukua pinki mara mbili na buluu mara moja badala ya mweusi.

Kwa ustadi mtupu, mimi naiheshimu 147. Ile nyingine inahitaji ustadi uleule, pamoja na bahati ya mtende.