Darasa la judo kwa watoto wa maandalizi, Kikwajuni: maoni ya mzazi

Binti yangu wa miaka minne ametimiza miezi mitatu katika darasa la judo la watoto wa skuli za maandalizi, linalofanyika kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa Kikwajuni, mjini Unguja.

Lililonipendeza zaidi ni kwamba mwalimu hakuanza na kuangusha, bali na kuanguka. Kwa wiki sita za mwanzo watoto walichuchumaa wakajiangusha chali taratibu, huku wakihimizwa wautazame mkanda uliofungwa kiunoni, kwani mtoto anayeutazama mkanda wake huinamisha kidevu bila ya kuambiwa, na kisogo hakigusi chini. Papo hapo viganja viwili huupiga mkeka kwa pamoja. Kuanguka huku kwa usalama Wajapani hukuita ukemi. Mwezi uliopita aliteleza uani palipomwagika maji, nikamwona kidevu kimeshafika kifuani kabla mgongo haujatua. Alilia, lakini kichwa kilisalimika.

Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882, haina ngumi wala mateke katika mashindano yake, nami naamini inawafaa sana watoto wa umri huu. Kabla ya hapo nilimpeleka mahali pengine ambako watoto wadogo walipangwa safu saa nzima wakipiga mateke kwa kuhesabiwa, juu ya sakafu ya saruji, na aliyechoka alikaripiwa. Wiki ya pili tuliacha. Hapa somo ni dakika 35 tu, na kila baada ya muda mfupi mchezo hubadilishwa: mara watembee kama kaa, mara wabingirike, mara wavutane kwa mkanda.

Wapo wazazi waliotatizwa na ile desturi ya kuinamiana kabla ya kushikana. Mwalimu alitusikiliza kwa adabu, akaeleza kuwa ni salamu tu, na anayependelea mtoto wake apeane mkono na mwenzake hukubaliwa.

Lipo la kurekebishwa. Mikeka huachana katikati ya somo, na kidole cha mguu cha mtoto huweza kunasa kwenye ufa. Tena watoto wa miaka saba huchanganywa na hawa wadogo, jambo ambalo silikubali, kwa kuwa uzito wao haulingani. Nimelisema, na mwalimu ameahidi kuwatenganisha baada ya Ramadhani.

Ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na nguo nyeupe za judo hazihitajiki mwezi wa kwanza.